Lugha ya Mkataba na Lugha ya Mpakani: Nafasi ya Kiswahili katika Mtangamano wa Afrika Mashariki



Utangulizi

Neno mtangamano limeenea sana katika hotuba na nyaraka za Afrika Mashariki, lakini ni nadra maana yake kuchunguzwa. Asili yake ni kitenzi tangamana, yaani kuwa pamoja kwa kuchanganyika. Kwa hiyo, mtangamano ni zaidi ya ushirikiano. Washirika huweza kugawana kazi na faida, kisha kila mmoja akarejea kwake kama alivyokuwa. Waliotangamana hawarejei kama walivyokuwa, kwani kila mmoja amekwisha kuchukua kitu kwa mwenzake. Maneno haya mawili hutumiwa kwa kubadilishana pale Jumuiya ya Afrika Mashariki inapozungumzwa, ilhali Mkataba wa kuianzisha unataja hatua nne ambazo haziwezi kuitwa ushirikiano tu: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha na, hatimaye, Shirikisho la Kisiasa.

Mhadhara huu unahusu swali moja linalotokana na tofauti hiyo. Je, watu wa nchi nane wanaweza kutangamana kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Afrika Mashariki ina mitangamano miwili inayokwenda sambamba bila kukutana. Mmoja ni wa maofisini, nao huendeshwa kwa Kiingereza. Wa pili ni wa sokoni na mpakani, nao huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili. Ule wa kwanza hutoa haki, na huu wa pili ndio wenye watu ambao haki hizo ziliandikwa kwa ajili yao. Pasipo daraja la lugha baina yake, haki hubaki karatasini na Jumuiya hubaki mali ya wachache.

Msamiati wa biashara na mtangamano wa kale

Kabla ya mipaka ya wakoloni kuchorwa, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa sehemu ya eneo kubwa la biashara la Bahari ya Hindi. Ushahidi wa mtangamano huo haumo katika magofu ya Kilwa na Gede peke yake. Umo pia katika kamusi. Forodha ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo katika lugha hiyo lilihusu bandari. Bandari yenyewe ni neno la Kiajemi. Bei, dalali, faida, hasara na rasilimali yametoka katika Kiarabu. Laki, hundi, gunia na cheti yametoka katika lugha za Bara Hindi. Meza na leso yaliletwa na Wareno, na hela imebaki kuwa kumbukumbu ya sarafu ya Wajerumani.

Orodha hiyo inafunza mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtangamano wa kiuchumi karne nyingi kabla ya kuwapo kwa kamati yoyote ya kukisanifu. Pili, istilahi hufuata kazi. Hakuna aliyekaa kitako akaunda neno hundi kwa kutarajia kwamba siku moja litahitajika. Neno lilikuja pamoja na karatasi yenyewe, na karatasi ilikuja kwa sababu palikuwa na watu waliotaka kulipana bila kusafirisha fedha taslimu baharini. Wanaodai kwamba Kiswahili kingoje hadi kiwe na istilahi za kutosha ndipo kitumike katika shughuli za Jumuiya wanaigeuza historia kichwa chini miguu juu.

Soko moja, lugha moja na hofu ya Uganda

Umoja wa forodha si jambo jipya katika eneo hili. Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga mwaka 1927. Haukupita muda mrefu kabla ya suala la lugha kufuata. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kiswahili iliyozihusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi, Makerere na Mombasa, na mwaka 1964 ikarejea Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kwa hakika, kuhamahama huko kwa ofisi moja kunaonesha jinsi kazi ya lugha ilivyokuwa kazi ya eneo zima.

Hata hivyo, si wote waliofurahi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga Kiswahili kufanywa lugha rasmi nchini Uganda. Pingamizi hilo haliwezi kueleweka likitengwa na siasa ya wakati wake. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikijadili muungano wa karibu zaidi wa makoloni yake ya Afrika Mashariki, na Tume ya Hilton Young ilitoa ripoti yake mwaka huohuo. Waganda wengi walihofu kwamba muungano huo ungewaweka chini ya matakwa ya walowezi wa Kenya. Kiswahili kilionekana kuwa mlango ambao muungano huo ungeingilia. Miongo minne baadaye, mwaka 1973, serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Tangazo hilo halikukijengea lugha heshima, kwani kwa raia wengi Kiswahili kilikuwa ndicho walichokisikia katika vinywa vya wanajeshi.

Historia hii inastahili kukumbukwa na kila mpenzi wa Kiswahili. Lugha haikukataliwa kwa sababu ya upungufu wa msamiati wala ugumu wa sarufi yake. Ilikataliwa kwa sababu ya hofu juu ya nani anaibeba na anaibebea nini. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa kuisifu lugha. Huondoka pale mwananchi anapoiona lugha hiyo ikimfungulia haki ambayo hakuwa nayo.

Mkataba unasema nini

Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Ilikuwa na reli, posta, bandari na shirika la ndege la pamoja, na bado haikudumu zaidi ya miaka kumi. Mkataba wa sasa, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, unazitaja katika dibaji yake sababu za kuvunjika huko. Unataja udhaifu wa dhamira ya kisiasa. Unataja ushiriki hafifu wa sekta binafsi na jumuiya za kiraia. Unataja pia mgawanyo usio sawa wa faida na ukosefu wa sera za kuurekebisha. Kutokana na funzo hilo, Ibara ya 7 inaweka kanuni kwamba Jumuiya mpya iwe ya watu na iongozwe na soko.

Msomaji anayeitafuta lugha ya watu hao hulazimika kusubiri hadi Ibara ya 137. Hapo Mkataba uliweka masharti mawili: kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitaendelezwa ili kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Mwanaisimu hawezi kuipita ibara hiyo bila kuitazama kwa makini. Kiingereza kimetajwa kwa hali, na Kiswahili kimetajwa kwa matarajio. Kimoja ni rasmi tangu siku ya kwanza. Kingine kitaendelezwa, pasipo kutajwa tarehe wala kipimo cha kujua kwamba kimekwisha kuendelea. Isitoshe, lugha iliyoambiwa ingoje ndiyo ambayo tayari ilikuwa ikifanya kazi hiyo ya mawasiliano mapana kutoka Lamu hadi Bujumbura.

Ibara ya 46 inaifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Hapa pana jambo la kutafakari. Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kwenda mbele ya Mahakama hiyo kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Ni haki kubwa ambayo jumuiya nyingi duniani haziwapi raia wake kwa wepesi huo. Lakini mkulima wa Kagera au mvuvi wa Ziwa Viktoria anayetaka kuitumia ana miezi miwili ya kufahamu kwamba haki hiyo ipo, kuusoma Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, na kuandaa shauri lake kwa lugha hiyohiyo. Muda unakwenda wakati yeye anatafuta wa kumsomea.

Mpakani

Hali ni tofauti katika vituo vya mpakani kama Namanga, Busia, Malaba, Mutukula na Rusumo. Huko lugha haikungoja ibara. Ushahidi bora ni neno bodaboda. Neno hili lilizaliwa mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwabeba wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Neno la Kiingereza la mpaka likarudiwa kwa utaratibu wa Kibantu, likapata mdundo wa Kiswahili, na leo linaeleweka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Neno magendo nalo lilivuka kutoka Kiswahili na kuingia katika mazungumzo ya kila siku ya Waganda, hususan miaka ya 1970 wakati uchumi wa nchi hiyo ulipokuwa ukisambaratika na kahawa ikivushwa kwa siri. Vivyo hivyo, njia za panya na mitumba ni maneno ambayo hata maofisa wanaoandika ripoti zao kwa Kiingereza huyaacha kama yalivyo.

Hata hivyo, ukiyatazama maneno hayo kwa jumla, utaona kwamba mengi yanahusu biashara iliyo nje ya sheria au kando yake. Si kwamba wasemaji wake wana hulka ya kukwepa sheria. Ni kwamba sheria yenyewe imeandikwa mahali pengine, kwa lugha nyingine. Umoja wa Forodha ulianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2005, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, mtu mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hujaziwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa hapohapo mpakani na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Hahitaji wakala.

Utaratibu huo ukieleweka, mama anayevusha magunia mawili ya maharage hana sababu ya kupita njia ya panya. Usipoeleweka, atampa mtu fedha amvushie usiku, na akikamatwa atapoteza mzigo ambao kisheria ulistahili kupita mchana kweupe. Hasara hiyo hutokana na kutofahamu tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, daftari lipo, isipokuwa limeandikwa kwa lugha ya mwingine.

Mtangamano wa mlalo na mtangamano wa wima

Ali Mazrui na Alamin Mazrui, katika kitabu chao kuhusu dola na jamii ya Waswahili kilichochapishwa mwaka 1995, walitofautisha mtangamano wa mlalo na mtangamano wa wima. Wa mlalo huwaunganisha watu wa makabila na maeneo mbalimbali. Wa wima huwaunganisha watu wa tabaka la juu na wale wa tabaka la chini. Tofauti hiyo ina manufaa makubwa katika mjadala huu.

Kiingereza kimeleta mtangamano wa mlalo miongoni mwa wasomi. Mwanasheria wa Kigali, mhasibu wa Nairobi na mtaalamu wa forodha wa Arusha huketi meza moja na kuelewana. Kiswahili nacho kimeleta mtangamano wa mlalo miongoni mwa madereva wa malori, wachuuzi, mafundi, wanamuziki na wakimbizi. Kilichokosekana ni ule wa wima, yaani ngazi ya kumpandisha mchuuzi hadi kwenye meza ya mtaalamu wa forodha, na ya kumshusha mtaalamu hadi kwenye soko la mchuuzi. Kwa sababu Kiswahili tayari kinasemwa na wengi wa watu wa pande zote mbili, hakuna lugha nyingine ya eneo hili inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Dalili za mwamko zipo. Kenya ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika Katiba ya mwaka 2010. Rwanda ilikiongeza katika lugha zake rasmi mwaka 2017. Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio mwaka 2016 kutaka Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wakaridhia kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, kuridhia ni jambo moja, na fomu iliyoko dirishani pa forodha ni jambo jingine.

Funzo la Ulaya na sauti ya Afrika Mashariki duniani

Dunia ya leo hujadiliana kwa makundi. Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni yake ya kwanza kabisa mwaka 1958, na kanuni hiyo haikuhusu makaa ya mawe wala ngano. Ilihusu lugha. Iliweka lugha nne kuwa rasmi, na kumpa raia haki ya kuziandikia taasisi za Jumuiya kwa mojawapo na kujibiwa kwa lugha hiyohiyo. Leo lugha hizo ni 24. Gharama ya tafsiri ni kubwa, lakini waasisi walitambua kwamba sheria inayomfunga raia moja kwa moja lazima aweze kuisoma. Nchi za Kusini Mashariki mwa Asia zilichagua njia nyingine: hati yao ya mwaka 2007 iliifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kazi. Jumuiya hiyo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni mapatano ya serikali kwa serikali, wala haijajiwekea lengo la shirikisho. Afrika Mashariki imejiwekea lengo linaloshabihi na hata kulipita lile la Ulaya, lakini imetumia sera ya lugha inayofaa lengo dogo.

Mwaka 1950 mwanauchumi Jacob Viner alieleza kwamba umoja wa forodha huweza kuunda biashara mpya au kuhamisha tu biashara iliyokuwapo kutoka kwa muuzaji wa bei nafuu aliye nje na kuipeleka kwa muuzaji wa bei ghali aliye ndani. Ukiunda biashara, hunufaisha wanachama na dunia kwa jumla. Ukihamisha tu, hasara huweza kuwapata wote. Kuondoa ushuru peke yake hakutoshi kuunda biashara. Lazima muuzaji na mnunuzi wapatane, waaminiane na waweze kushtakiana. Wanauchumi wanaochunguza biashara baina ya mataifa hukuta mara kwa mara kwamba nchi zenye lugha ya pamoja hufanya biashara zaidi kuliko zisizo nayo. Lugha, basi, ni sehemu ya miundombinu, kama ilivyo barabara.

Aidha, lugha inahusu nguvu ya eneo katika majadiliano ya dunia. Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi baina ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya yalikamilika mwaka 2014. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Nchi nyingine hazikufanya hivyo. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wake yenyewe na Umoja wa Ulaya mwezi Desemba 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Suala la mitumba lilifuata mkondo kama huo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua hadi kuikomesha, ili viwanda vya nguo vya eneo vipate nafasi. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za kibiashara, nchi nyingine zilirudi nyuma na Rwanda ikabaki peke yake. Mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo bila ushuru katika soko la Marekani.

Haitakuwa haki kudai kwamba Kiswahili kingezuia mpasuko huo. Maslahi ya nchi yalitofautiana, na lugha haifuti maslahi. Lakini linalojitokeza ni kwamba maamuzi yote mawili yaliwahusu moja kwa moja wakulima wa maua, washonaji na wauza mitumba, na hakuna wakati ambapo watu hao wa nchi zote walikuwa na jukwaa moja la kuyajadili kwa lugha moja. Kila nchi ilijadili kivyake. Msimamo wa pamoja usiojadiliwa na watu pamoja huvunjika mara tu unapoguswa na mkono wenye nguvu.

Suala hili linapanuka zaidi ya Afrika Mashariki. Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kigali tarehe 21 Machi 2018, linazitegemea jumuiya za kikanda kama nguzo zake. Matini asilia za mkataba huo ni nne: ya Kiarabu, ya Kifaransa, ya Kiingereza na ya Kireno. Tangu hapo, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakiridhia kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Tarehe 7 Julai ndiyo tarehe ambayo Mkataba wa Afrika Mashariki ulianza kutumika. Itakuwa ajabu lugha kusherehekewa duniani siku hiyo, na siku inayofuata isipatikane katika fomu ya forodha.

Pingamizi za haki

Wapo wanaotilia shaka hoja hii, nao wanastahili kujibiwa kwa uzito. Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiswahili hakijaenea sawasawa. Sudan Kusini, iliyojiunga mwaka 2016, ina Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Somalia, iliyokuwa mwanachama kamili mwaka 2024, ina Kisomali, japokuwa Kibajuni na Chimwiini cha Barawa ni sehemu ya familia ya Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, ina Kiswahili kama mojawapo ya lugha zake nne za taifa, lakini hicho ni cha mashariki. Kinshasa husema Kilingala. Ni kweli, basi, kwamba Kiswahili peke yake kingewaacha nje baadhi ya watu, kama Kiingereza peke yake kinavyowaacha nje wengi. Jibu la pingamizi hili ni kutokibadilisha Kiingereza kwa Kiswahili, bali kuikubali kanuni ya mwaka 1958: raia asomewe na ajibiwe kwa lugha anayoielewa, kuanzia na zile zinazowafikia wengi zaidi.

Pingamizi la pili linahusu istilahi, na hapa wanaisimu wenyewe wana deni. Neno ushuru nchini Tanzania huhusu hasa tozo za bidhaa na forodha, na kodi hutumika kwa malipo ya serikali kwa jumla. Katika magazeti ya Kenya, ushuru ndilo neno la jumla la malipo hayo. Muswada wa Dodoma ni mswada wa Nairobi. Mfanyabiashara wa Bukavu anapozungumzia forodha aghalabu hutumia neno lililotoka katika Kifaransa. Vikwazo visivyo vya kiforodha huitwa pia vikwazo visivyo vya kiushuru, na kwa msomaji wa kawaida majina yote mawili hayana mwanga. Katika hotuba, tofauti hizo ni pambo. Katika sheria, ni mgogoro, kwani mtu anaweza kusamehewa ushuru upande mmoja akadhani amesamehewa kila kitu upande wa pili.

Dawa yake si kuchagua matumizi ya nchi moja na kuyalazimisha kwa wengine. Kufanya hivyo kutafufua hofu ya mwaka 1929 katika sura mpya. Usanifishaji wa 1930 uliegemea lahaja moja. Usanifishaji wa leo hauna budi kuegemea ufafanuzi. Kamusi ya forodha ya Jumuiya iorodheshe istilahi za nchi zote, ieleze kila moja ina upana gani kisheria na wapi, kisha iteue moja kwa matumizi ya Jumuiya. Kiswahili cha Kongo nacho kiingie humo kama shahidi, si kama mtuhumiwa wa kusahihishwa.

Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, kazi ianze mpakani kabla ya kufika Arusha: kila fomu, orodha ya bidhaa na tangazo la ada linalomhusu mfanyabiashara mdogo litolewe kwa Kiswahili, likiwa na nguvu ileile ya kisheria. Pili, Mahakama ya Afrika Mashariki ipokee mashauri yaliyoandikwa kwa Kiswahili, na gharama ya tafsiri iwe ya Jumuiya wala si ya mlalamikaji. Tatu, vyuo vikuu vya nchi wanachama viandae kwa pamoja watafsiri na wakalimani wa sheria, biashara na fedha, kwani bila hao maazimio yote yatabaki kuwa maneno. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ipewe watu na fedha za kuandaa kamusi iliyotajwa, kwa ushirikiano na mabaraza na taasisi za Kiswahili za nchi zote.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kungoja Shirikisho la Kisiasa. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na reli, meli na ndege, na ilipovunjika wananchi wengi walitazama kama watazamavyo ugomvi wa nyumba ya jirani. Hiyo ndiyo hatari inayorudi iwapo Jumuiya ya pili itaendelea kuwaeleza watu haki zao kwa lugha ya kuwapita. Mama wa magunia mawili ya maharage amekwisha kutangamana na wenzake wa ng'ambo ya mpaka kwa lugha yake, bila itifaki. Kinachosubiriwa sasa ni Mkataba kutangamana naye.